Kushona bendera ya Taifa: anza na upande wa mlingoti

Fundi mwenzangu wa Tabora, umesema shule imekupa kazi ya kushona bendera ya Tanzania na unaogopa kugeuza rangi. Una haki ya kuogopa. Mimi hapa Kigoma niliwahi kuweka pindo la kamba upande wa buluu. Ilipopandishwa, buluu ikakaa juu, wanafunzi wamesimama mstarini wanatazama. Iliniuma sana.

Kwa hiyo tia alama ya mlingoti kwa chaki kabla hujakata chochote. Kijani kinakaa juu, mlingotini. Buluu inakaa chini, upande unaopepea. Mkanda mweusi unapanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya mbali, na kila ukingo wake una mstari mwembamba wa manjano. Kipimo ni 2 kwa 3: kimo mita 1, urefu mita 1 na nusu.

Kijani ni ardhi na mimea, manjano ni madini, nyeusi ni sisi watu, buluu ni maji, na huku kwetu maji hayo ni Ziwa Tanganyika lenyewe. Buluu ilitoka bendera ya Zanzibar, manjano ya Tanganyika, zikaunganishwa mwaka 1964 baada ya Muungano.

Ila usikate kitambaa bado. Bendera inalindwa na sheria ya nembo za taifa, hivyo mwombe mwalimu mkuu aulize kwanza halmashauri, kwa afisa utamaduni, akuletee ruhusa ya maandishi.