Maswali ya Gereji: Farasi 450, gia boksi gani itabeba?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Mark II JZX110 yenye injini ya 1JZ-GTE VVT-i. Nimeshaitoa barabarani, sasa ni gari ya kukimbizia uwanjani tu, na Mbezi Beach inatoka na kurudi juu ya breki-dauni. Nimefunga tabo kubwa. Kwenye mashine ya rola imetoa farasi 450 kwenye mizunguko 6,500, na torki ya juu ni Nm 550 kwenye mizunguko 4,500. Otomatiki yake ya gia nne imeanza kuteleza kila ikipata moto, kwa hiyo nataka gia za mkono. Difu ni ya 4.1, na tairi ni zile laini za mashindano. Rafiki mmoja ananiambia nichukue R154 ya Toyota, mwingine CD009 ya Nissan. Wa tatu anasema bila gia boksi ya mashindano yenye meno yaliyonyooka ninatupa pesa. Mkononi nina milioni 12. Nichukue ipi?
Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeandika torki, na umesema inatokea kwenye mizunguko mingapi. Mungu akubariki. Barua nyingi zinazofika hapa zinataja farasi tu, na farasi hawavunji gia. Chukua Honda S2000 ya lita mbili: ilitoka kiwandani na farasi 250, ila torki yake ni Nm 218 tu. Land Cruiser 79 ya dizeli, ile V8 ya lita 4.5, ina farasi kama 205 na torki Nm 430. Ukiifunga gia boksi ya ile Honda kwenye Land Cruiser iliyobeba saruji kwenda Morogoro, utaokota meno barabarani, ingawa Honda ndiyo yenye farasi wengi. Kinachosokota shafti na kusukuma jino dhidi ya jino ni torki. Farasi ni hiyo torki ikizidishwa kwa mizunguko.

Sasa tupige hesabu ya gari lako, maana hapa ndipo watu wengi wanaponunua kwa kusikia. Tuseme gari na dereva ni kilo 1,500, na ukikanyaga mafuta kama kilo 900 zinakaa ekseli ya nyuma. Tairi laini kwenye lami kavu tuipe mshiko wa 1.1, na nusu kipenyo cha tairi sentimita 31. Hapo tairi zote mbili zinaweza kupokea kama Nm 3,000 kabla ya kuteleza. Uwiano wa gia ya kwanza ya R154 ni 3.251, zidisha kwa difu yako ya 4.1. Utakuta injini ikifika Nm 226 tu, tairi zinaachia. Gia ya pili, ambayo ni 1.955, zinaachia kwenye Nm 376. Gia ya tatu ni 1.310, na hapo zinaachia kwenye Nm 560.

Iangalie hiyo namba ya mwisho. Injini yako inatoa 550. Maana yake kwenye gia ya kwanza na ya pili tairi ndizo zinazoiokoa gia boksi: zikizidiwa zinapiga kelele, moshi unatoka, lakini meno yako salama. Kwenye gia ya tatu tairi zinashika, hakuna pa kupumulia, na torki yote inapita kwenye meno na beringi. Ndiyo sababu wenye magari ya namna hii wanalalamikia gia ya tatu. Wanamlaumu aliyewauzia, kumbe waliweka tairi nzuri.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, rudi kwa anayekupangia kompyuta ya injini. Mwambie hutaki ule mlima wa Nm 550 kwenye mizunguko 4,500. Akate busti, yaani presha ya tabo, pale katikati, alaze torki kwenye Nm 480, halafu aishikilie hivyo hadi 6,500. Ukizidisha 480 kwa 6,500 na kugawa kwa 7,024, namba ya kugeuza Nm na mizunguko kuwa farasi, unapata farasi 444. Umepoteza farasi sita. Kwenye kona ndefu hutaziona, na gia boksi imepunguziwa mzigo wa Nm 70 kila unapokanyaga. Akikwambia haiwezekani, tafuta mwingine. Inawezekana kabisa, na kompyuta nyingi za mashindano zinaruhusu kupanga busti kwa kila gia peke yake.

Ukishafanya hivyo, jibu langu ni R154. Siyo kwamba ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tremec T56 Magnum ya Marekani imepewa kiwango cha Nm 949 na watengenezaji wenyewe, na Getrag V160 ya gia sita iliyokuja na Supra ya tabo ni chuma kweli, ila bei yake itaimeza milioni 12 yako na bado itadai. R154 inakaa nyuma ya 1JZ bila kuchonga chochote, kwa sababu Toyota wenyewe waliifunga pale kwenye Chaser na Mark II za tabo. Maunti, propela shafti, pedali, vyote vinapatikana vya gari la namna yako. Pesa itakayobaki, tafuta R154 ya pili hata kama ni mbovu, iweke stoo ikupe gia na shafti. Gari la uwanjani lisilo na spea ni pambo la uani.

CD009 ni nzuri, sikatai. Ni ile ya gia sita ya Nissan 350Z, ina meno mapana, na wanaoifunga kwenye JZ duniani ni wengi. Ila sikiliza kazi yake. Nyumba ya klachi imeshikana na bodi ya gia boksi, ni kipande kimoja, kwa hiyo lazima ikatwe ndipo pachi ya kuiunganisha na injini ya Toyota ifungwe. Najua Gerezani kuna wachongaji hodari, wengine mimi mwenyewe nawapelekea kazi. Lakini kitovu cha gia boksi na kitovu cha krenki visipishane zaidi ya milimita 0.13. Hapo jicho halikusaidii, wala rula. Inafungwa saa ya kupimia kwenye flaiwili, krenki inazungushwa kwa mkono taratibu, mshale unasomwa pande nne. Ikizidi, beringi ya shafti ya mbele inaanza kulia, klachi haiachii vizuri, na gia zinakwaruza. Utamlaumu Nissan bure. Juu ya hapo, handaki la sakafu la Mark II litahitaji kukatwa, na ile gia boksi haipendi kubadilishwa haraka injini ikiwa mizunguko ya juu sana. Ukiniambia mwakani unataka farasi 650, nitabadili maneno. Kwa 444, hapana.

Huyo rafiki wa tatu, wa meno yaliyonyooka: anachanganya mambo mawili. Meno yaliyonyooka hayasukumi shafti kwenda mbele na nyuma kama yale ya mshazari, kwa hiyo bodi na beringi zinapumzika, na kelele yake utaisikia mpaka ndotoni. Kuingiza gia bila sinkro, zile pete zinazolinganisha kasi kabla gia haijaingia, kwa vishikizo vya chuma, ni suala la kasi ya kubadilisha. Vishikizo hivyo vinalika, hasa dereva akiwa anaingiza gia kwa kubembeleza. Ni kifaa cha timu yenye fundi anayeifungua kila baada ya mashindano machache. Wewe una fundi wa namna hiyo? Haya.

Sasa kununua. Ukienda Ilala au Shauri Moyo ukasema unataka R154, kuna atakayekutolea ndugu yake wa Hilux au Surf, R150F au R151F, na kwa nje vinafanana kama mapacha. Wengine hawakudanganyi, hata wao hawajui. Usibishane. Ingiza gia ya kwanza, weka alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye ya nyuma, halafu zungusha ya mbele mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja. R154 itachukua mizunguko mitatu na robo. Ikikaribia minne ni R150F. Ikipita minne na robo ni R151F, hiyo ni ya kuvutia mzigo, mwachie mwenyewe. Na zile za magari ya kuvuta nne zina sehemu ya nyuma tofauti, angalia vizuri kabla chaki haijatoka mfukoni.

Ikiwa ndiyo yenyewe, omba wamwage oili kwenye beseni. Vumbi la rangi ya dhahabu ni sinkro zinazolika, hilo linazungumzika kwenye bei. Vipande vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku, ondoka. Pisha tochi kwenye nyumba ya klachi utafute nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Halafu, kabla haijaingia kwenye gari, ifunguliwe na ibadilishwe washa, ile pete bapa ya chuma inayopokea msukumo wa gia ya kwanza. Hiyo ndiyo sehemu yake dhaifu inayojulikana, na zipo washa za chuma kigumu zaidi zinazouzwa kwa kazi hii. Ukishaifungua, weka beringi mpya zote. Usiniulize kama zile za zamani bado zinafaa.

Klachi usichukue ngumu kuliko zote dukani. Klachi pleti isiyo na springi katikati inashika kwa kishindo, na kile kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye meno. Chukua yenye springi, yenye kiwango kidogo juu ya torki yako. Bushi za nyuma nazo zikaguliwe: ekseli ikirukaruka wakati wa kuondoka, kila mruko ni nyundo.

Mwisho joto. Hapa kwetu mwezi wa Januari, gari likiwa limesimama tu chini ya mwembe lina joto. Funga geji ya joto la oili ya gia boksi, pampu ndogo, na kipoozeo chake peke yake. Oili ni 75W-90, na usome kopo: nyingine zina dawa inayofanya sinkro iteleze badala ya kushika, ndipo gia inakataa kuingia ikiwa baridi.

SWALI: Mzee, mimi nitabaki na otomatiki kwenye Crown yangu ya uwanjani. Kuna ya kisasa inayobeba nguvu?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ipo, ZF ya gia nane, na jina lake limekurahisishia. 8HP45 ni ya Nm 450 hivi, 8HP70 ni 700, 8HP90 ni 900. Zimo kwenye BMW na Range Rover nyingi zinazokatwa spea. Ila bila kompyuta yake ya kuiendesha ni chuma kizito tu, na hiyo kompyuta inaweza kukugharimu kuliko gia boksi. Nunua kompyuta kwanza. Na kama imetoka kwenye Range Rover, nyuma yake kuna sehemu ya kugawa nguvu mbele na nyuma ambayo Crown yako haina pa kuiweka.

SWALI: Nina Impreza ya tabo, gia tano za mkono. Nimevunja gia boksi ya pili sasa. Nimepata ya gia sita ya STI, ile Impreza ya nguvu zaidi, niifunge?
Msomaji, Kinondoni

JIBU: Ifunge, zile za gia tano ni nyepesi kwa busti uliyoweka. Lakini usinunue gia boksi peke yake. Uwiano wa difu ya mbele, iliyo ndani ya gia boksi, lazima ukubaliane na wa difu ya nyuma. Ukiwa tofauti, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatapigana kupitia difu ya katikati mpaka ife. Chukua gia boksi, difu ya nyuma, ekseli na habu zake kutoka gari moja, na mwenye duka akikwambia difu ya nyuma alishaiuza jana, subiri gari lingine.