Mzazi na zilipendwa zake: mwulize anasikia nini humo

Mkuu, umeuliza tunaishije na mzazi ambaye redio yake haijui kitu kingine ila zilipendwa. Mimi nimelelewa Temeke na baba ambaye ni shabiki wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, na leo nazipenda kuliko yeye alivyotarajia.

Nikiwa sekondari nilikuwa mtu wa Bongo Fleva. Nyimbo za mzee zote nilizisikia kama wimbo mmoja mrefu. Kilichonigeuza ni jioni moja aliponikalisha karibu na spika, akaniambia niachane na waimbaji, nilifuate gitaa la pili tu. Si solo, si rithimu, si besi: lile linalojibizana na solo kwa chini. Ilichukua muda kulikamata. Ukishalikamata, ndugu yangu, halikutoki tena masikioni, na ghafla unagundua kila mpigaji ana lake la kusema. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuzifuata hadithi: ule mwanzo wa polepole wenye ugomvi wa ndoa, barua, misiba, kabla bendi haijaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na watu kujaa ukumbini.

Halafu kanda. Mzee ana sanduku zima, nyingi zinaanza na sauti ya mtangazaji iliyokatwa katikati. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazikufika dukani kabisa. Ukiutaka wimbo, unakaa na kidole juu ya kitufe ukisubiri upigwe. Kwenye karatasi ya kila kanda ameandika kwa wino wa bluu nani kaimba, nani kapiga solo, nani kashika saksafoni, na pale asipokuwa na uhakika ameweka alama ya kuuliza. Mtu aliyetoka kazini amechoka, akakaa kuandika vile! Mimi karatasi zile naziheshimu sana.

Ushauri wangu: usimwambie akueleze "muziki wa zamani". Swali hilo ni pana mno, atakupa hotuba. Mwulize kitu kidogo wimbo ukiwa unapigwa. Hapo ni nani kwenye solo? Huyu anayepokea kiitikio ni nani? Au umchokoze na ushindani wa bendi mbili: upande mmoja NUTA Jazz ya mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma; upande wa pili Mlimani Park, iliyoanza 1978 na kuondoka na baadhi ya wanamuziki wa JUWATA, mwimbaji Muhidin Gurumo akiwemo. Kwa nini Gurumo aliondoka? Hapo kwetu swali hilo linakula jioni nzima, maana mama ni Msondo damu, na akilisikia tu anaacha sufuria jikoni anakuja kumpinga mzee.