Uliza Ujibiwe: Simu ya mezani inalia na nyumbani hamna mtu

Barua za safari hii kutoka Kigoma na Tabora nyingi zinauliza kuhusu mashine ya kujibu simu. Wapo walioletewa na ndugu walio nje, wapo walioiokota kwenye mitumba ya vifaa vya umeme, na wengi wanataka kuiunga na zile simu za mezani zinazotumia laini ya kadi badala ya waya wa nguzoni. Tumeziweka pamoja barua zinazofanana.

Mdogo wangu kaniletea mashine ya kujibu simu kutoka Marekani. Nyumbani nina simu ya mezani ya kadi. Naogopa kuichomeka isije ikaungua. Nianzie wapi?
*Mama muuza dagaa, Mwanga, Kigoma*

Hofu yako ina msingi, mama. Anza na adapta kabla hujagusa kitu kingine. Igeuze usome mgongoni. Palipoandikwa "INPUT" pakisema 120V, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 230. Itaungua mara moja, na inaweza kuondoka na mashine. Pakisema 100-240V huna shida, tafuta tu kichwa cha plagi ya pini tatu.

Kwa ile ya 120V unaweza kutumia transfoma ya kushushia umeme, ila kwa kifaa kinachokula wati chache namna hii sisi tungenunua adapta nyingine tu. Mwonyeshe muuzaji ile ya zamani, na mlinganishe upande wa "OUTPUT": volti ziwe zilezile (mara nyingi ni 9), aina ya umeme iwe ileile, kwani zipo mashine zinazotaka AC na zinazotaka DC, ncha ya kati iwe chanya au hasi kama mchoro wa duara unavyoonyesha. Kipimo cha mA kiwe sawa au kizidi, kisipungue. Kikipungua utadhani kila kitu ni sawa kwa sababu taa zinawaka, halafu mashine itajizima pale inapoanza kurekodi au kusoma ujumbe kwa sauti kubwa.

Sasa waya za simu. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili yanayofanana, moja "LINE" na jingine "PHONE" au "TEL". "LINE" ni pa kuingilia, yaani waya unaotoka kwenye laini. "PHONE" ni pa kuchomeka simu ya kawaida ya mezani.

Geuza simu yako ya kadi uangalie kama ina tundu dogo la waya wa simu, lenye neno "TEL" au mchoro wa simu. Likiwepo, toa waya hapo uupeleke "LINE" ya mashine. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona "TEL" huku na "TEL" kule, wanaviunganisha. Mashine inawaka vizuri lakini haisikii kengele hata siku moja.

Tundu likikosekana, simu hiyo haiungiki na mashine. Itabidi upate kile kisanduku cha laini ya kadi chenye tundu la simu, la aina ya RJ11. Fundi akikwambia atafungua simu aunge waya kwenye spika, mwambie asante. Mashine haitegemei sauti peke yake. Inasubiri umeme wa kengele, ambao kwenye laini ya waya hufika volti 70 hadi 90 za AC, na ili kupokea inahitaji kuikamata laini. Spika haiwezi kuipa hayo.

Ukimaliza kuunga, chomeka simu ya kawaida kwenye "PHONE", inua mkono usikilize. Ukisikia toni, waya umepita sawa. Ukikuta kimya, badilisha waya kwanza. Baadhi ya waya zilizokuja na mashine za Uingereza hutumia nyuzi za pembeni badala ya mbili za katikati. Plagi inaingia na kubana vizuri, lakini hakuna kinachopita.

Tangu tufunge mashine, jamaa wanalalamika tunawalia salio. Mtu anabipu tu, mashine inadaka. Na wanaopiga kweli wanasema salamu yetu ni ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.
*Familia moja, Kanyenye, Tabora*

Wana haki. Mtandao huhesabu kuwa simu imepokelewa pale mashine inapokamata laini, hata kama mpigaji hajasema neno. Kuanzia hapo analipa yeye, pamoja na muda wote wa kusikiliza salamu zenu.

Tafuteni swichi au menyu ya "RING" muongeze idadi ya milio. Mbili ni chache mno kwa nchi ya watu wanaobipu. Wekeni 4, na mashine ikikubali wekeni 6. Mlio mmoja na kimya chake huchukua sekunde 3 hadi 6 kutegemea mtambo, kwa hiyo anayebipu atakuwa amekata zamani. Mkikuta imewekwa "TOLL SAVER", itoeni kwanza. Mpangilio huo hufanya mashine ipokee mapema, kwa kawaida mlio wa 2, pakiwa na ujumbe mpya. Nadhani hapo ndipo mnapowakamata wabipuji wenu.

Salamu isizidi sekunde 10. Haya yanatosha: "Hii ni mashine. Umepiga kwa familia ya fulani. Ukisikia mlio, taja jina, namba na ujumbe wako." Neno mashine litangulie, ili asiyetaka kuongea na mashine akate mapema. Msiseme mmesafiri wala mtarudi lini. Anayetaka kujua kama nyumba ni tupu naye anaweza kupiga simu.

Kurekodi, shikilia kitufe cha "GREETING" (kwenye mashine nyingine ni "ANNOUNCE" au "OGM") mpaka usikie mlio. Zima feni na redio, ongea kwa sauti ya kawaida ukiwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye maikrofoni, kisha bonyeza "STOP" papo hapo. Ukizubaa, kile kimya cha mwisho nacho kinakuwa sehemu ya salamu na mpigaji atakilipia. Mvua ikiwa inapiga bati, subirini ikatike.

Baba mzee akipiga kutoka kijijini tunakuta "Haloo, hamjambo wanangu?" halafu basi, imekatika. Mashine ni mbovu?
*Msomaji, Ujiji*

Nzima kabisa. Mzee amesalimia na anasubiri aitikiwe, kama adabu inavyotaka. Mashine yenu imewekwa "VOX", yaani inarekodi maadamu inasikia sauti. Ikipita kimya cha sekunde kadhaa inaamini mpigaji ameondoka, inakata.

Badilisha muda wa kurekodi uwe maalumu: dakika 1, au 3 kama ipo. Kwenye mashine nyingi mpangilio huu unaitwa "MSG TIME" au "REC TIME". Mashine isiyo na chaguo hilo, ongeza kwenye salamu maneno "usisubiri kuitikiwa, endelea tu kusema". Na ni vizuri zaidi mmoja wenu amweleze mzee ana kwa ana, kwa sababu kuna wazee ambao hata ukirekodi hivyo watasubiri tu.

Mashine yangu haipokei. Wanaopiga wanasikia sauti ya mtandao ikiwaambia waache ujumbe. Natumia kisanduku cha laini ya kadi.
*Msomaji, Gungu, Kigoma*

Laini yako ina huduma ya ujumbe wa sauti ya mtandao, na inaiwahi mashine. Piga hesabu: milio 4 ya sekunde 5 ni sekunde 20. Kama mtandao umepangiwa kuhamisha simu baada ya sekunde 15 au 20, mashine haitapata nafasi kamwe.

Toa kadi uiweke kwenye simu ya mkononi, maana visanduku vingine havikubali namba hizi. Piga *#61# uone kama simu isiyopokelewa inahamishwa na inapelekwa wapi. Kuifuta, piga ##61#. Usikimbilie ##002# kama hujui kilichomo, kwa kuwa hiyo hufuta uhamishaji wote, hata ule ulioweka mwenyewe kwa makusudi. Kama unapenda huduma ya mtandao ibaki kwa siku ambazo umeme haupo, iache ila isogeze mbele: **61*namba inayopokea ujumbe*11*30#. Hiyo 30 ni sekunde, na ndiyo ya juu kabisa. Kisha rudisha kadi, weka mashine milio 4, ujipigie.

Umeme ukikatika, ukirudi mashine inajibu kwa sauti ya Kizungu isiyo yetu. Je, naweza kuitumia kwa sola?
*Fundi cherehani, Urambo*

Kumbukumbu imefutika, na hiyo ni salamu ya kiwandani. Angalia chini ya mashine kama kuna kifuniko cha betri ya mraba ya volti 9. Weka ya alkalini, si zile za bei ya chee zinazovuja, na uibadilishe kila mwaka. Elewa lakini kwamba betri hiyo inalinda salamu na ujumbe tu. Haipokei simu.

Kwa sola inawezekana, ila usiunge betri ya volti 12 moja kwa moja kwenye mashine ya volti 9. Betri hiyo ikiwa inachajiwa inapanda hadi volti 14 na zaidi. Nunua kipunguza volti cha DC, kipime kwa mita kikiwa bado hakijaungwa na mashine, ukiweke 9 kamili, ndipo uunge kwa kufuata ncha chanya na hasi. Weka na fyuzi ya ampia 1 karibu na betri. Mashine iliyoandikwa 9V 300mA haivuki wati 2.7. Betri ya 7Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupa saa 12 hivi hata mashine ikivuta mzigo wote. Kama mashine yako inataka 9V AC, njia hii haikufai.

Mvua za masika radi zinatutisha. Inatosha kuzima swichi ukutani?
*Msomaji, Kasulu*

Haitoshi. Swichi inakata upande wa umeme tu, tena kwa upenyo mdogo ambao radi huuvuka. Mashine inakutanisha njia mbili, waya wa umeme na waya wa simu, na ndiyo maana inaungua mapema kuliko redio. Chomoa zote mbili, na uchomoe wingu likiwa bado mbali. Radi ikishaanza kupiga karibu, kaa mbali na waya hizo. Afadhali mashine iungue. Kinga ya radi ya kununua iwe ile inayopitisha umeme na simu kwenye kifaa kimoja, na soketi iwe na ethi inayofika ardhini kweli.

Nafanya kazi Dar, mashine iko nyumbani Tabora. Nasikilizaje ujumbe nikiwa huku?
*Msomaji wa Cheyo*

Piga namba ya nyumbani kwa ukamilifu wake: ya waya inaanza na 026 (Kigoma ni 028). Mashine ikianza salamu, bonyeza namba ya siri, ambayo kawaida ni tarakimu 2 au 3. Isipoitikia, subiri salamu iishe ndipo ubonyeze, kila tarakimu kwa sekunde nzima. Salamu yenye sauti kubwa huifunika milio ya vitufe mashine isiisikie. Namba ya siri ya kiwandani ibadilishe kabla hujaondoka, kwa sababu imeandikwa kwenye kijitabu cha kila mashine ya aina hiyo.

Hapa ile "TOLL SAVER" tuliyowakataza watu wa Kanyenye inakufaa wewe. Pasipo na ujumbe mpya mashine husubiri hadi mlio wa 4. Ukisikia wa 3 haijapokea, kata, hukulipa kitu. Ila milio unayoisikia wewe na ile inayolia nyumbani havilingani barabara. Inaweza kupishana kwa mlio mmoja, basi jaribu mara kadhaa mtu akiwa nyumbani akuhesabie. Mashine isipopokea kabisa mpaka milio 10 au zaidi, huenda kumbukumbu imejaa au iliachwa imezimwa. Nyingi hupokea hapo mwishoni ili tu uweke namba ya siri ufute ujumbe wa zamani au uiwashe.

Ujumbe mwingi ni "tuu tuu tuu" dakika nzima.
*Msomaji, Nzega*

Mpigaji amekata, lakini mtambo haukuipa mashine ishara ya kukatika, kwa hiyo inarekodi toni. Kwenye menyu tafuta "CPC" uijaribu "A" kisha "B", ukijipigia na kukata kila mara. Isiposaidia, punguza muda wa kurekodi uwe dakika 1, na ufute mara kwa mara kabla kumbukumbu haijajaa.

Mashine yangu ni ya kaseti. Salamu inaanzia katikati: "...piga kwa familia ya..."
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Umeweka kaseti ya kawaida ya muziki. Mwanzoni ina kipande cha utepe kisichorekodi, cha sekunde 5 hivi. Tafuta kaseti ya mashine ya kujibu simu isiyo na kipande hicho. Ukiikosa, rekodi upya, ubonyeze kitufe na uhesabu hadi 6 kabla ya kusema, ingawa sekunde hizo nazo wanalipia wao.