Muulize Somo: Guta jipya la mume wangu, au kirikuu ya kaka?

"Assalaam alaykum Somo. Mimi mama wa watoto wanne, nakaa Mtambwe, Pemba. Marehemu baba katuachia mimi na kaka yangu shamba la mikarafuu, na pembeni yake nina migomba na muhogo wangu mwenyewe. Kutoka shambani mpaka barabarani kuna mteremko, bonde la mpunga, kisha mlima wa udongo mwekundu. Mpaka leo nakodi gari ya ng'ombe, na masika hata ng'ombe wanagoma. Msimu uliopita niliweka milioni sita na nusu. Mume wangu, fundi seremala, anataka tununue guta jipya, pikipiki ya mizigo ya tairi tatu, dukani kwa milioni nane, iliyobaki tulipe kila mwezi. Anasema kipya ni kipya, hakina siri. Kaka ana rafiki yake Unguja anauza kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, iliyotoka Japani, milioni kumi na moja na nusu. Kaka atatia tano, iwe yetu sote wawili, na anasema itabeba gunia ishirini kwa safari moja. Nilipomwambia mume wangu habari ya kirikuu alisema, 'Haya, nyinyi ndio wenye shamba.' Tangu siku hiyo anakula, anashukuru, ananyamaza. Wiki ya tatu hii. Nifanye nini?
Niliye Kati, Mtambwe"

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Umeniandikia barua mbili ndani ya bahasha moja: ya gari, na ya mwanamme aliyenyamaza. Ya gari ndiyo nyepesi, basi niianze hiyo, ingawa najua siyo inayokukosesha usingizi.

Mumeo kasema kipya ni kipya. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini mimi simcheki. Guta jipya lina mazuri yake. Hakuna aliyelitesa kabla yako, spea zake si ghali, na fundi yeyote wa pikipiki analifungua chini ya mwembe na kulifunga kabla ya alasiri. Ungekuwa unakaa karibu na soko la Chake, njia ya lami na tambarare, ningekwambia nunua guta ukalale.

Lakini wewe una mlima. Hebu lifikirie guta lilivyo: tairi moja mbele, mbili nyuma, na mzigo wote uko nyuma. Likipanda, uzito unazidi kurudi nyuma, tairi ya mbele inakuwa nyepesi, unageuza usukani na guta halikusikii. Likishuka na kona, mzigo unalisukuma kwenye ile pembe ya mbele ambayo haina tairi. Na njia yako hiyo imechimbwa na gari ya ng'ombe, sivyo? Basi ina mifereji miwili, na katikati tuta la majani. Tairi mbili za nyuma zitaingia kwenye mifereji, ya mbele itapanda juu ya tuta. Kiangazi utacheka. Masika, tuta likishakuwa sabuni, hutocheka. Nimeliona guta moja njia ya Konde limelala ubavu, mikungu imemwagika mpaka mtaroni, na kijana kakaa pembeni anajipapasa goti, hana hata nguvu ya kuomba msaada.

Kirikuu ina tairi nne na upana wake hauzidi mita 1.48. Japani zimewekewa kipimo hicho kwa sheria, pamoja na injini isiyozidi cc 660. Kamba yako ya kuanikia nguo inatosha kupimia njia: panapopita gari ya ng'ombe kati ya mikarafuu, huenda nayo ikapita, lakini pima kwanza. Ila uliza jambo moja kabla ya bei. Je, inavuta kwa tairi zote nne, au za nyuma tu? Ziko za namna zote mbili na kwa macho zinafanana. Kwa mlima wako, ya tairi mbili usiichukue hata kwa milioni saba.

Na kaka yako mwambie pole pole kuhusu hizo gunia ishirini. Kirikuu imeundwa kubeba kilo 350. Gunia la karafuu kavu la kilo 50, hizo ni saba. Watu wanaongeza majani ya springi na kupakia mara mbili, najua, tunawaona kila siku. Springi unaweza kuziongeza, breki ni zile zile, na wewe unaanza safari kwa kuteremka. Safari tatu za gunia saba hazimuui mtu.

Sasa deni la guta. Mkarafuu unaujua kuliko mimi: mwaka huu unabeba mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili unakutazama tu. Dukani watataka chao kila mwezi, uzae usizae. Hapo ndizi za watoto ndizo zitakazolipa guta. Na kama ndani ya hayo malipo kuna riba, mumeo anaijua hukumu yake bila ya mimi kumkumbusha.

Basi kwa mlima wako mimi nasema kirikuu, iliyotumika. Nimesema kirikuu, sikusema hiyo ya rafiki wa kaka. Hiyo hatujaiona tumbo.

Nikwambie yaliyonikuta. Marehemu mume wangu alinunua pikapu kwa mtu tuliyemwamini, imepakwa rangi inang'ara, ukiikaribia unajiona uso. Masika ya mwanzo tunakwenda mazikoni, nikahisi miguu imeroa. Nikafunua zulia la mpira. Chini yake kulikuwa na kipande cha bati kimegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Nikakibonyeza kwa kidole gumba, kikazama, na nikaiona barabara inapita chini ya viatu vyangu. Yule muuzaji tulipomwendea alituapia kuwa hajui. Huenda kweli hakujua, maana naye alikuwa hajafunua zulia.

Gari ya Japani inaweza kuja na kutu tangu kwao. Kule kaskazini, Hokkaido, baridi ikifika wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo inaganda chini ya gari. Ikifika kwetu inakutana na ndugu yake wa baharini. Juu ni rangi, chini ni unga. Kwa hiyo funua kila zulia. Tazama chini ya bodi la mizigo na chesisi yote, hasa pale springi zinaposhikwa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu si usafi, ni jambo la kuulizia.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto huficha mengi. Ikiwaka, msimamishe mtu nyuma atazame moshi: wa buluu usiokatika maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu cheupe kama tui zito, maji yameingia pasipo pake, funga kifuniko uage. Muulize pia jina la injini. Kirikuu nyingi za zamani za Suzuki, ziitwazo Carry, zina F6A, inayokwenda kwa belti ya ndani, na belti ikikatika safari imeishia hapo. Zilizokuja baadaye zina K6A, ambayo ni ya mnyororo. Ikiwa ni ya belti na hakuna ajuaye ilibadilishwa lini, basi hesabu kuwa haijabadilishwa, na ukate bei. Kilomita za kwenye dashibodi usizihangaikie sana, kwani nani anazithibitisha?

Jambo jengine, usitoe sita na nusu zote. Gari iliyotumika inadai kabla haijazalisha: tairi, oili, betri, kuvushwa mpaka Pemba. Bakisha milioni moja mkononi. Ikiwa bei haishuki, kaka atie zaidi au muitafute nyengine. Magari hayaishi Unguja.

Na ubia wenu uandikwe. Usinambie ni kaka wa tumbo moja. Ndiyo maana nasema uandikwe. Nani katia ngapi, kadi ya gari ina jina la nani, tairi ikipasuka nani analipa, mmoja akitaka kujitoa analipwa vipi. Saini mbele ya sheha na mashahidi wawili. Muhimu zaidi ni siku. Karafuu zako na zake zinaanikwa jua moja na zitakauka siku moja, na nyote mtaitaka gari asubuhi hiyo hiyo. Mkubaliane sasa, kabla hamjaitwa na wingu. Siku ambazo si za msimu, gari ibebe ndizi zako, na jirani akikodi, pesa iingie kwenye kopo la matengenezo, si mfukoni mwa aliyekamata usukani.

Nimefika kwa mumeo.

Mwanangu, soma tena alichokwambia: "Nyinyi ndio wenye shamba." Hakusema kirikuu mbovu, wala hakutaja bei. Mwanamme huyu amekaa na wewe na watoto wanne pembeni ya shamba la mkwewe, kila msimu anaona magunia yanatoka, na la kwake hakuna hata moja. Guta aliloliona dukani lilikuwa kitu cha kwanza ambacho kingeingia kwenu bila ya kupitia kwa shemeji yake. Ndicho kipya alichokitaka. Wewe ukarudi na gari iliyotafutwa na kaka, kwa rafiki wa kaka, kwa pesa ya kaka. Ningenuna na mimi.

Simsafishi. Wiki tatu za kimya ni nyingi, na mtu mzima ana ulimi. Lakini usimngoje aanze, na usimpeleke kwa wazee bado. Msubiri ale, watoto walale, umwambie umekosea jambo moja: ulimpelekea jibu kabla ya kumpa suali. Usimwombe radhi kwa kirikuu, maana kuhusu mlima huo hukukosea.

Kisha mpe kazi anayoijua. Seremala huigonga mbao akasikia mchwa kabla hajauona. Chesisi nayo ni hivyo hivyo: chuma kizima kinaitika, kilicholiwa kinatoa sauti ya debe lenye unga. Mwombe apande boti na wewe mpaka Unguja, achukue nyundo yake ndogo, bisibisi na tochi, na umwambie mbele ya kaka yako kwamba akisema gari haifai, hamnunui. Na lisiwe la maneno tu, maana akisema haifai itabidi mrudi mikono mitupu, kaka akasirike, nawe ustahamili.

Na avae shati asilolipenda. Atalala chini ya gari nusu saa nzima.