Mashine ya nyasi haiwaki: anza na petroli

Ndugu yangu, nimekuelewa: mashine imekaa stoo tangu masika yaishe, petroli ikiwa ndani, na sasa unavuta kamba mpaka bega linauma bila injini hata kukohoa. Pole sana.

Mimi ningeanza na hayo mafuta. Petroli iliyokaa miezi kadhaa huharibika, harufu yake hubadilika, na huacha utando unaoziba vitundu vya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Itoe yote uiweke kwenye dumu (usimwage mtaroni), kisha jaza mpya. Kama mpini una ule mkono wa breki, ubane unapovuta kamba. Bila hivyo cheche haitoki kabisa.

Bado? Fungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi: ifute, acha tundu lake wazi kama nusu saa, kisha irudishe ujaribu bila choki (kile kifungo cha kuzidishia mafuta injini ikiwa baridi). Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na hapo kabureta inahitaji kuoshwa. Fundi pikipiki mzuri anaiweza kazi hiyo. Yangu ilipona kwake. Plagi ikiwa imejaa masizi, nunua mpya tu.

Nakuomba sana: kabla ya kugusa kisu, chomoa kofia ya plagi. Kisu kikizunguka kidogo tu, injini inaweza kushtuka na vidole vikaenda. Ukiilaza mashine, upande wa chujio la hewa uwe juu, oili isije ikaliingia.

Lakini kama ilizima ghafla baada ya kugonga jiwe au kisiki, acha kuvuta. Huenda kuna kitu kimekatika ndani, mpelekee fundi.