Injini nzima, lakini ndege ikashindwa kupaa

SWALI: Mhariri, mwanangu anajifunza urubani. Mwezi uliopita, saa nane mchana, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha pamoja na mkufunzi wake iliinuka kidogo tu, ikashindwa kupanda, ikarudi chini na kuishia majanini, nje ya njia ya kurukia. Namshukuru Mungu hawakuumia. Tumeambiwa injini ilikuwa nzima na kwamba sababu ni joto. Joto gani hilo, huku kwetu kwenye baridi? Je, nimtoe chuoni?
Mzazi, Moshi

JIBU: Pole sana, mzazi mwenzangu. Maelezo uliyopewa yanaweza kuwa ya kweli, lakini kwa maoni yangu hayajakamilika, kwa kuwa joto halimvizii rubani. Hupimwa kabla injini haijawashwa.

Bawa hubebwa na hewa, nayo hewa huwa nyepesi kadiri tunavyopanda kutoka usawa wa bahari na kadiri inavyopata joto. Kwa mfano, Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo, uko takriban mita 1,387 juu ya bahari, na kwa kimo hicho halijoto inayohesabiwa na marubani kuwa ya kawaida ni kama nyuzi 6 tu. Mchana wa nyuzi 28, ambao sisi hatuushangai hata kidogo, ndege hupaa kana kwamba uwanja uko kwenye kimo cha karibu mita 2,200. Hapo ndipo sifa yetu ya baridi inapotudanganya. Injini ya kawaida ya ndege ya mafunzo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake, pangaboi nalo husukuma hewa kidogo, na ndege hulazimika kukimbia kasi zaidi ardhini kabla mbawa hazijaweza kuibeba, hivyo njia iliyotosha alfajiri yaweza isitoshe saa nane.

Huko kuinuka kidogo ndiko kunakoponza wengi. Karibu na ardhi, katika kimo kisichozidi urefu wa mbawa zake kutoka ncha hadi ncha, ndege hubebeka kwa urahisi kuliko ikiwa juu. Rubani hudhani amepaa, kumbe bado hana kasi ya kupanda, na akizidi kuvuta usukani pua hunyanyuka, kasi hupungua, na mbawa huweza kuacha kubeba kabisa. Kwa walipokuwa wamefika, kukubali kurudi majanini kulikuwa salama kuliko kung'ang'ania kupanda.

Kuhusu chuo, usiamue leo. Marubani wengi wa ndege ndogo hufuata kanuni kwamba nusu ya njia ikiisha na kasi haijafika asilimia 70 ya ile ya kuinukia, wanasimama. Muulize mkufunzi, kwa upole, alama hiyo ilikuwa wapi siku ile. Kisha mwombe mwanao akuoneshe hesabu waliyoifanya kabla ya kuruka: uzito wa watu wawili na mafuta, halijoto, upepo na urefu wa njia. Ikiwa hesabu hiyo haikufanywa, kaa na uongozi wa chuo kabla hajapanda ndege tena.