Jina la Mji Kwenye Kopo la Tumbaku

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Baba mkwe ameniachia kiko na makopo mawili ya tumbaku. Moja limeandikwa Virginia. La pili lina Latakia, na linanuka kama nguo iliyoanikwa juu ya moto wa kuni. Je, hayo ni majina ya mahali zilikolimwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nusu ndiyo, nusu siyo. Mimi nimezeeka nikichambua madaraja ya majani, na siku zote nimeshikilia kwamba kinachotenganisha tumbaku na tumbaku ni ukaushaji kuliko shamba.

Anza na hilo kopo linalonuka. Latakia ni bandari ya Syria, lakini kwa miongo mingi sasa tumbaku hiyo hutoka zaidi kisiwa cha Kupro. Jani lenyewe ni lile dogo la Mashariki, ndugu wa majani ya Izmir na Samsun kule Uturuki. Hukaushwa juani kwanza. Baadaye hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, chini ukifuka moto wa mialoni, misonobari, mastiki na mihadasi, na halitolewi mpaka liwe jeusi. Harufu uliyoisikia ni ya kuni hizo.

Virginia, huko Marekani, ndiko Mwingereza John Rolfe alikolima tumbaku ya kuuza, pale Jamestown, kuanzia 1612. Mbegu yake haikuwa ya wenyeji wa hapo, maana jani lao lilikuwa kali. Yeye alitumia mbegu kutoka visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Ila Virginia ya kwenye kopo lako leo ni tumbaku ya mvuke, yaani iliyokaushwa kwa joto la moto ndani ya bani bila kuguswa na moshi, na inaweza kuwa imelimwa Brazili au Zimbabwe. Ile rangi yake ya njano inahusishwa na Stephen, mtumwa katika shamba la Slade, North Carolina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839 alisinzia akilinda moto wa bani, akazinduka unakaribia kuzima, akautupia makaa. Joto likapanda ghafla, majani yakatoka ya manjano. Faida, bila shaka, ilikwenda kwa bwana wake.

Kuna tumbaku nyingine, Perique, na hiyo peke yake ndiyo inayoninyima ubishi, kwa kuwa jina hilo halijaihama St. James Parish, Louisiana. Majani hushindiliwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuwekwa wiski, yakakandamizwa kwa jeki, yakachachuka katika maji yake yenyewe kwa mwaka mzima au zaidi. Mara kwa mara hutolewa, yakapigwa hewa, yakarudishwa.

Kama utavuta, jihadhari na koo kuwasha: Virginia ina sukari nyingi na huungua kwa joto kali, hivyo usiivute kwa pupa. Na usidanganywe kwamba kiko ni salama. Saratani ya kinywa haichagui kopo.